Lugha ya Wezi ni Ipi?

Katika semina moja ya walimu wa lugha iliyofanyika hapa Uganda si zamani sana, tulikaa asubuhi nzima tukimsikiliza mkufunzi mmoja aliyebobea katika Kiingereza. Sisi tulio wengi katika chumba kile tuna stashahada ya ualimu tu. Yeye ana shahada mbili, na alistahili kusikilizwa. Alizungumza juu ya vivumishi ambatani vya Kiingereza, yaani vile vinavyojengwa kwa kuunganisha maneno mawili mafupi, na kwa mfano wa uzuri wa lugha ile akatuandikia ubaoni neno "put-up". Tazameni, alituambia, jinsi silabi mbili zinavyobeba hadithi nzima: jambo linaonekana kana kwamba limetokea lenyewe, kumbe lilipangwa zamani, kwa siri, na mtu aliyejificha. Kisha akafuta ubao, akakung'uta chaki mikononi, akasema kwamba Kiswahili hakina neno la namna hiyo.

Alasiri ya siku ile ile mazungumzo yaligeukia ufundishaji wa Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri lilikubali mwezi Julai 2022 kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Mkufunzi yule yule alisimama akatushauri tusijisumbue mno, kwa kuwa wazazi hawatakubali watoto wao wafundishwe "lugha ya wezi na askari". Watu wakacheka. Sisi hatukucheka, wala hatukujibu, maana ulimi wa mtu aliyeshtuka huwa mzito. Makala haya ndiyo majibu yetu. Tumeyachelewesha, lakini kuchelewa kulitupa nafasi ya kufanya jambo ambalo mkufunzi wetu hakulifanya, nalo ni kuuliza neno lile zuri alilotuandikia ubaoni lilizaliwa wapi, na ni nani aliyekuwa mkunga wake.

Tuanze na maana. "Put" ni kuweka. "Up" ni juu. Mwanafunzi anayefasiri kipande kwa kipande atapata "iliyowekwa juu", na atadhani habari ni ya rafu au ya dari. Walakini Mwingereza anapolitumia neno hili hasemi habari ya juu wala ya chini. Anasema kwamba jambo fulani lilitayarishwa kabla na watu wanaojifanya hawahusiki nalo. Ugomvi unaozuka sokoni "ghafla", ilhali askari wamekwisha kujipanga nyuma ya maduka, waweza kuitwa hivyo. Ndivyo pia kesi ambayo mashahidi wake wamekaririshwa ushahidi, mnada ambao mnunuzi wake anajulikana kabla nyundo haijagonga meza, na mashindano ambayo mshindi wake amekwisha kuandikiwa cheti. Neno halisemi tu kwamba jambo lilipangwa. Harusi hupangwa, na mitihani hupangwa, wala hakuna anayelalamika. Neno linasema kwamba jambo lilipangwa na mpango ukafichwa. Ndani yake mna shutuma, na shutuma hutaka mshutumiwa.

Sasa, asili yake. Alikuwako Mwingereza mmoja aitwaye James Hardy Vaux, aliyezaliwa mwaka 1782. Alipokuwa kijana alipatikana na hatia ya wizi, akahukumiwa kupelekwa uhamishoni Australia, akafika huko mwaka 1801. Aliporudi kwao aliiba tena, akarejeshwa Australia mwaka 1810. Na mwaka 1831 akapelekwa huko kwa mara ya tatu. Huyu ndiye mwanakamusi wetu. Mwaka 1812, akiwa mfungwa katika kituo cha Newcastle, katika koloni la New South Wales, alikusanya msamiati wa wezi wa London, akauweka kwa mpangilio wa alfabeti, akautoa kwa mkuu wa kituo kile. Mkuu huyo alikuwa na madaraka ya hakimu, na mfungwa wake alitumaini kwamba kitabu kitamsaidia kuwaelewa watu waliofikishwa mbele yake. Kamusi hiyo ilichapwa London mwaka 1819 pamoja na maisha ya mwandishi, na wataalamu huihesabu kuwa kamusi ya kwanza kutungwa katika ardhi ya Australia.

Humo ndimo limo neno letu. Vaux analieleza kuwa ni mpango wa wizi uliotayarishwa kabla kwa shauri la mtu anayeijua nyumba kwa ndani, na kwa hiyo aweza kuwaelekeza wavunjaji njia iliyo bora. Kisha anaongeza jina la mtu huyo, yaani yule "anayeweka". Aghalabu, asema Vaux, huwa mtumishi katika nyumba ya bwana mkubwa, ambaye huwaendea wavunja nyumba, akawapa wazo la kumwibia bwana wake, na akawaonyesha vyombo vya fedha vimefichwa wapi. Usiku wa kazi yenyewe yeye aweza kulala usingizi wake asinyanyue hata kidole, na bado akapata fungu sawa na la wale waliopanda ukuta. Visa vya namna hiyo, asema, vilikuwa vingi London.

Wasomaji wetu na waitazame picha hiyo vizuri. Neno tulilosifiwa kuwa ni kito cha Kiingereza halikutoka chuo kikuu, wala halikutoka kwa washairi. Lilitoka katika magenge ya wavunja nyumba, na aliyelitia kamusini alikuwa mwizi aliyehukumiwa, tena akiwa kifungoni.

Aliyelipeleka mbele ya watu waungwana ni Charles Dickens, katika riwaya yake Oliver Twist, iliyotoka kwa mafungu gazetini tangu mwaka 1837 hadi 1839. Wengi wetu tumeisoma riwaya hiyo, au muhtasari wake, shuleni. Mvunja nyumba Sikes na mzee Fagin, anayewafundisha watoto kuiba, wanashauriana juu ya nyumba moja ya Chertsey, nje ya London. Sikes anaeleza kwamba kazi haiwezi kufanywa kwa njia ya "kuweka", kwa sababu mwenzao amezungukazunguka pale muda wa majuma mawili, na hakuna mtumishi hata mmoja aliyekubali kurubunika. Watumishi wale wamekaa na bibi wa nyumba miaka 20, na hata wakipewa pauni 500 hawatakubali. Ndiyo maana inawabidi wezi kutafuta mtoto mdogo wa kupenyezwa dirishani, na mtoto huyo ni Oliver.

Baada ya wizi kushindwa wanafika wapelelezi wawili kutoka Bow Street. Hao nao wana lugha ile ile ya wezi, kama askari wanavyokuwa nayo popote duniani. Wanatamka kwamba wizi huu haukuwa wa "kuwekwa". Daktari aliyepo, mtu msomi, Mwingereza wa kuzaliwa, hajui neno hilo lina maana gani, na anauliza kwa hasira. Mpelelezi anawageukia wanawake waliokuwapo na kuwafafanulia kwamba ni wizi ambamo watumishi wamo. Basi katika miaka ya 1830 msomi wa Kiingereza alihitaji kufasiriwa neno hili na askari, kama vile hakimu wa Newcastle alivyohitaji kufasiriwa na mfungwa. Leo mkufunzi wetu analiandika ubaoni kama johari. Kati ya siku zile na leo limepita nini? Waingereza hawakulitupa neno kwa sababu ya wazazi wake. Walilichukua, wakalitumia mahakamani, magazetini na bungeni, hata harufu ya pangoni ikalitoka.

Wala halikuwa peke yake. Neno "mob", wanalotumia kwa kundi la watu wenye fujo, lilimkera mwandishi Jonathan Swift hata akalilalamikia hadharani mwaka 1710; Swift amekufa na neno lingali hai. Neno "pal", wanalomwitia rafiki, walilichukua kwa Waromani, watu waliokuwa wakifukuzwa kijiji hata kijiji na kushukiwa wizi kila walikopiga hema. Hatujapata kusikia mzazi wa Kiganda, wa Kiacholi au wa Kinyankole akimkataza mtoto wake Kiingereza kwa sababu ya maneno hayo.

Tugeukie Kiswahili na sifa mbaya iliyopewa katika nchi hii. Hatutaki kuwa wanafiki. Sifa hiyo haikuzuka hewani, na mwalimu anayeikana mbele ya wazee atachekwa. Katika jeshi la wakoloni la King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Kilikuwa pia lugha ya polisi na ya magereza. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipopendekeza kitumike katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alilikataa wazo hilo, na maaskofu nao hawakulipenda. Na sababu zao hazikuwa za kipumbavu, kwa kuwa waliogopa kwamba lugha ya watu wao itafunikwa. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Kwa mwananchi aliyesimamishwa kizuizini usiku, akaamriwa kwa Kiswahili ashuke, avue saa, atoe fedha, tangazo lile halikuongeza heshima ya lugha. Askari na mnyang'anyi, yaani kondo, walifanana mavazi, walifanana silaha, na mara nyingi walifanana maneno.

Tena, baada ya Amin kuondoka, katika miaka ya mwanzo ya 1980, zikaja zile operesheni za jeshi zilizopewa jina la "panda gari". Watu walizingirwa alfajiri, wakapangwa mistari, wakapakiwa malorini, na wengine hawakurudi. Sisi tuliozaliwa katika miaka hiyo tulilisikia jina hilo kwa wazazi wetu kabla hatujajua kwamba ni maneno mawili ya kawaida kabisa ya Kiswahili. Mtoto wa Dar es Salaam huambiwa "panda gari twende kwa bibi", akarukaruka kwa furaha. Mtoto wa Luwero aliyasikia maneno hayo hayo, akatetemeka. Maneno ni yale yale. Kilichotofautiana ni mkono ulioshika bunduki.

Hapo ndipo tunapomshika mkufunzi wetu. Kama "panda gari" ni hoja ya kukikataa Kiswahili, basi na "put-up" iwe hoja ya kukikataa Kiingereza, kwa sababu yote mawili ni maneno madogo ya nyumbani, moja la kupanda na moja la kuweka, yaliyotwaliwa na watu waovu yakafanyiwa kazi ya uovu. Na kama tutakubali kwamba Kiingereza hakina kosa kwa yale waliyoyanena wavunja nyumba wa London, haki yatudai tukubali vivyo hivyo kwa upande wa pili. Isitoshe, wale waliomwondoa Amin, wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, walikuja wakisema Kiswahili pia. Lugha iliyotumika kuwaamuru watu walale kifudifudi ndiyo iliyotumika kuwaambia wainuke. Mwenye kuihesabia lugha siku zake mbaya na aihesabie na hizo nyingine. Tena asisahau kwamba amri za kuwahamisha watu, kuwatoza kodi na kuwafunga katika nchi hii zilitiwa saini kwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 60, na wala hatujasikia kikiitwa lugha ya wezi.

Tunakuja sasa katika dai la pili, kwamba Kiswahili hakina neno la maana hiyo. Dai hili ni jepesi kuliko la kwanza, lakini ndilo linalotudhuru zaidi darasani.

Mswahili akiona jambo limetokea kwa namna isiyo ya kawaida, husema: hapa pana mkono wa mtu. Hasemi ni nani, wala hana haja ya kusema. Mkono unaonekana, mwenyewe haonekani. Na hiyo ndiyo maana yote aliyotufundisha mkufunzi kwa silabi zake mbili. Akitaka kusema kwamba wapangaji ni wengi na nia yao ni mbaya, atasema wamekula njama, au wamesuka mpango. Ikiwa jambo lenyewe ni la uongo tangu mwanzo, atasema ni la kutunga. Na ikiwa ni maneno au hesabu, atasema zimepikwa. Ikiwa shutuma imetupwa juu ya mtu asiye na hatia, atasema amebambikiwa. Na ikiwa mwizi ametoka ndani ya nyumba, kama katika kamusi ya Vaux, Mswahili hana haja ya kivumishi. Ana methali nzima: kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo haikumngoja Dickens.

Tazama jinsi kila neno linavyokaa mahali pake. Kupanga ni jambo la wazi, laweza kuwa jema au baya. Njama ni ya siri, na haiwi ya mtu mmoja. Kutunga kunahusu uongo. Kubambika kunahusu mwonewa. Mkono wa mtu unahusu aliyejificha. Kiingereza kimeyarundika yote katika neno moja, nasi tunaambiwa kwamba huo ni utajiri, na kwamba kuwa na maneno matano yenye mipaka ni umaskini! Hatusemi kwamba Kiswahili kimekishinda Kiingereza. Mashindano ya lugha ni mchezo wa watu wasio na kazi. Twasema tu kwamba anayedai ghala ni tupu, na hajafungua mlango, hajafanya utafiti.

Kuna jambo dogo la kuchekesha humu, nasi tunalitaja kwa ajili ya walimu wanaopenda kuwaamsha wanafunzi baada ya chakula cha mchana. Kwa Kiswahili, mpangaji ni yule anayepanga jambo, na pia ni yule anayekaa katika nyumba ya mwenzake kwa kulipa kodi. Kwa Kiingereza nako, maneno yale yale ya "kuweka juu" hutumika kwa kumpa mgeni mahali pa kulala. Lugha mbili zisizo na udugu zimekutana mlangoni mwa nyumba moja. Hatudai kwamba moja ilikopa kwa nyingine. Ni sadfa tupu. Lakini sadfa kama hiyo humfanya mtoto alikumbuke neno mpaka uzeeni.

Tungependa kuishia hapo, lakini tungekuwa tumesema nusu ya jambo. Adui wa Kiswahili katika nchi hii si mkufunzi yule peke yake. Mkono wa mtu umo, na mtu mwenyewe ni sisi.

Mwaka mmoja uliopita tuliombwa kupitia upya insha za wanafunzi wa kidato cha pili ambazo zilikuwa zimekwisha kusahihishwa na mwalimu mwenzetu wa Kiswahili. Binti mmoja alikuwa ameandika kisa cha shangazi yake, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani mjini. Nyumba ilivunjwa usiku, televisheni na fedha zikaibwa. Matajiri wake hawakuuliza mengi; walisema, kwa Kiingereza, neno lile lile la semina. Kabla ya saa sita mchana shangazi alikuwa amefukuzwa bila mshahara wa mwezi, na kabla ya jioni alikuwa mahabusu. Alikaa siku nne. Wezi walipokamatwa, ikaonekana kwamba waliingia kupitia dari, na kwamba hawakumjua kabisa. Binti aliandika, kwa mwandiko wa kukazana: "Walisema katika wizi ule palikuwa na mkono wa mtu wa ndani, kumbe mtu wa ndani alikuwa amelala kwa kuchoka."

Mwenzetu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya "mkono wa mtu wa ndani", akaandika pembeni: "Mkono wa nani? Tumia Kiswahili sanifu." Na juu yake, kwa ukarimu, akampa binti sahihisho: "wizi uliowekwa."

Tulilisoma sahihisho hilo mara tatu. Mwalimu alikuwa amelifuta neno la Kiswahili lililo hai, lenye damu, akaliweka badala yake neno la Kiingereza lililovishwa kanzu ya Kiswahili. Wizi uliowekwa! Umewekwa wapi? Na nani? Ikiwa Mswahili wa Mombasa, wa Kigoma au wa Bukavu ataisoma sentensi hiyo, atadhani fedha za wizi zimewekwa benki. Na lililo baya zaidi, mtoto yule alikuwa ametenda jambo ambalo sisi walimu tungepaswa kulifanya. Alikuwa ameligundua kosa lililo ndani ya neno. Kwa kuwa neno lile la Kiingereza, tangu kuzaliwa kwake, lilizaliwa likiwa limemnyoshea kidole mtumishi. Vaux alimtaja mtumishi; mpelelezi wa Bow Street alimtaja mtumishi. Ni katika riwaya tu ndipo mwandishi alipotuonyesha kwa kusudi watumishi ambao hawakununulika, wakashukiwa, na hawakuwamo. Binti wa kidato cha pili, ambaye pengine hajaisoma Oliver Twist, aliandika hoja hiyo hiyo kwa sentensi moja, akanyimwa alama mbili.

Tulimwendea mwenzetu. Ni mtu mwema, mchapakazi, wala hatumtaji ili kumfedhehesha. Alituambia kwamba aliogopa. Aliogopa kwamba mkaguzi akiona "mkono wa mtu" atasema ni Kiswahili cha mitaani, cha madereva na wachukuzi. Hapo tukaelewa kwamba maneno ya mkufunzi wa semina hayakuishia katika kicheko cha alasiri ile. Yalikuwa yamekwisha kuingia katika kalamu nyekundu. Sisi wenyewe tunaofundisha Kiswahili tumekubali kwamba lugha yetu ni ya wezi, nasi tunajitahidi kuitakasa kwa kuisugua na Kiingereza.

Na tusidhani kwamba jambo hili limekwisha. Siku hizi vijana wa Dar es Salaam wana neno lao, "mchongo". Hapo kwanza lilikuwa na maana ya dili, au mpango wa kupatia fedha. Sasa wanasema ajali ya mchongo, mganga wa mchongo, ugomvi wa mchongo, yaani wa kutengenezwa, usio wa kweli. Chanzo chake ni kuchonga, kitenzi cha seremala na fundi wa vinyago: mtu huchukua gogo akalichonga hata likafanana na uso wa binadamu, lakini halipumui. Hatusemi kwamba neno hilo liingizwe kesho katika barua za serikali. Kila neno lina baraza lake. Twasema tu kwamba mwalimu anayelikata kwa kalamu nyekundu, na huku anaandika "put-up" ubaoni kwa heshima, ajue kwamba anamfukuza mtoto wa jirani kwa kosa ambalo alimsamehe mtoto wa mgeni. Huenda baada ya miaka 100 mkufunzi fulani wa ng'ambo atawafundisha wanafunzi wake uzuri wa Kiswahili kwa mfano wa neno "mchongo", nao wajukuu wetu watashangaa kwa nini sisi tulilionea haya.

Basi tufanye nini? Twapendekeza mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa mwalimu asiye na maktaba. Kwanza, kila tunapokutana na neno la Kiingereza la namna hii, tusilifasiri kipande kwa kipande. Tuulize: nani anamwambia nani, na anamshutumu nani? Tukilijua hilo, Kiswahili kitajileta chenyewe. Pili, tuwafundishe wanafunzi asili ya maneno, ya Kiingereza na ya Kiswahili sawasawa, ili waone kwamba lugha zote zilinunua sehemu ya mali yake katika masoko mabaya. Tatu, tusilikwepe jina la "panda gari". Tulieleze darasani, kwa miaka yake na kwa uchungu wake, na watoto waende wakawaulize babu na nyanya zao. Jeraha linalofichwa chini ya nguo halikauki. Mtoto akijua ni nani aliyeyatia sumu maneno yale, hatamlaumu tena aliyeyatunga.

Nne, tukumbuke kwamba tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Karatasi imekwisha kuandikwa. Lakini karatasi haifundishi, na wala haisahihishi insha. Anayefundisha na kusahihisha ni sisi; na siku mtumishi wa nyumbani atakaposimama mahakamani ajitetee kwa Kiswahili, maneno atakayokuwa nayo mdomoni ni yale tuliyomwachia shuleni. Tukimwachia "wizi uliowekwa", tutakuwa tumemfunga mara ya pili.

Alama mbili za binti yule tulizirudisha. Chini ya sentensi yake tulifuta wino mwekundu kadiri ulivyofutika, tukaandika: "Vizuri sana." Mkufunzi wa semina naye twamwalika, kwa heshima zote anazostahili, aje siku moja katika darasa letu. Tutamwachia ubao na chaki, atuandikie neno lake zuri; na kabla hajalifuta, tutamwomba awaambie wanafunzi lilikotoka.